Pedali Haitakuokoa, na Mimi Ndiye Niliyekudanganya

Leo hakuna video. Leo ni maandishi, na ni marefu. Kama uko kwa mat kutoka Embu kuja Meru, utamaliza kabla ufike Chuka.

Wiki tatu zilizopita nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ni kijana wa Runyenjes, amemaliza form four juzi, anapiga harmonika. Aliniambia ametazama ile video yangu ya "pedali tano lazima uwe nazo ukitaka kupiga blues" mara nne. Baada ya mara ya nne akauza simu yake, akaongeza pesa za kuchuma kahawa, akatuma mtu Nairobi, Luthuli Avenue, amletee pedali ya kukwaruza sauti. Ile namba moja kwa orodha yangu. Ikafika. Jumapili baada ya ibada akaichomeka katikati ya maiki ya kanisa na amplifaya ya kanisa, akapuliza.

Spika zilipiga nduru mpaka watoto wa Sunday school wakalia.

Ujumbe wenyewe ulitoka kwa simu ya dadake, kwa sababu yake alikuwa ameuza. Haukuwa na matusi. Ulikuwa na swali moja tu: "Brathe, nimekosea wapi?"

Hakukosea. Mimi ndiye nilikosea, na sasa nitasema kila kitu.

Zile pedali tano si zangu. Niliazima kwa msee anayepiga gita kwa bendi ya hoteli. Zilifika kwangu saa nane mchana, saa kumi na moja zikawa zimerudi kwake. Sijawahi kupiga hata shoo moja nikitumia yoyote kati yazo. Ile sauti tamu mlisikia kwa video niliirekebisha kwa kompyuta baadaye. Na chini ya video kulikuwa na linki, ukinunua kupitia hapo mimi napata kitu kidogo. Yule kijana hata hakutumia linki yangu. Aliniamini bure.

Kwa hivyo leo nasema bila kuzunguka mbuyu: kama unaanza blues ya harmonika hapa kwetu, Meru, Embu, Chuka, Maua, popote, usinunue pedali. Usinunue amplifaya ya valvu. Usinunue ile maiki ya Shure Green Bullet inayokaa kama taa ya baiskeli ya mzee. Bado. Na mtu akikuambia uanze na hivyo, muulize analipwa na nani. Nikikuambia mimi, niulize mimi.

Sasa tuingie ndani, kwa sababu sitaki uniamini tena kwa mdomo mtupu.

Chicago walinunua vya bei rahisi

Kila mtu akianza hii kitu anaambiwa jina moja: Little Walter. Sawa, ni haki yake. Mwaka wa 1952 alirekodi "Juke", wimbo wa harmonika tupu bila mtu kuimba, ukapanda hadi namba moja kwa chati za muziki wa Wamarekani Weusi. Tangu siku hiyo watu wanatafuta "sauti ya Little Walter" vile watu wanatafuta dhahabu.

Lakini angalia alikotoka. Alizaliwa Louisiana mwaka wa 1930, akafika Chicago akiwa kijana, akawa anapiga muziki Maxwell Street. Maxwell Street haikuwa ukumbi. Ilikuwa soko la wazi, kama Gakoromone siku ya soko: nguo, vyuma, kuku, watu wanaitana bei. Wanamuziki walikuwa wanavuta waya wa umeme kutoka kwa duka ama nyumba ya jirani, wanaunganisha amplifaya ndogo hapo nje, wanapiga. Kwa nini amplifaya? Si kwa sababu ya "toni". Ni kwa sababu bila hiyo hausikiki. Gita za umeme zilikuwa zimeingia, ngoma ziko nyuma, na wewe unashika kitu kinachotoshea kwa mfuko wa shati.

Wakashika maiki gani? Zile za kutangazia. Maiki za mtu wa stesheni, mtu wa teksi, mtu wa redio za mawasiliano. Zile za umbo la risasi, za Astatic na za Shure, hazikuundwa kwa muziki kabisa. Zilikuwa zinapatikana, zilikuwa bei ya chini, na zinatoshea kwa viganja viwili. Basi. Hapo ndipo "sauti ya Chicago" ilizaliwa: harmonika ya Mjerumani, maiki ya mtangazaji, amplifaya ndogo iliyofika mwisho wa nguvu zake, na mtu anayejua kupuliza.

Umeona somo? Wale wasee walitumia kilichokuwa sokoni mwao. Sisi tunaagiza kwa meli kilichokuwa sokoni mwao miaka sabini iliyopita, halafu tunaita hiyo "uhalisia". Maiki ambayo kijana maskini wa Chicago alichukua kwa sababu ni rahisi, leo kijana wa Runyenjes anauza simu aipate. Kuna mahali tumepotea njia.

Na mkitaka ushahidi wa nyumbani, waangalie wazee wa mwomboko kule Nyeri na Murang'a. Akodioni ni binamu wa harmonika kabisa: ndani yake kuna ndimi za chuma zinazotetemeka hewa ikipita, sawa tu na hiki kitu chetu. Akodioni moja, na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa, na uwanja mzima unacheza. Hakuna mzee aliyesema subiri kwanza pedali ifike.

Pedali ya kwanza iko mwisho wa mkono wako

Hii ndiyo sehemu niliruka kwa video, kwa sababu haina linki.

Harmonika ya kawaida ya blues ina matundu 10 na ndimi 20: kumi za kupuliza, kumi za kuvuta. Ulimi wa chuma haujali una pedali ngapi. Unajali hewa inakuja vipi, koo lako limekaa vipi, mdomo umefunga vipi. Hapo ndipo sauti inatengenezwa. Vifaa vyote vinavyofuata vinakuza tu kile kilichotoka hapo. Kikitoka kibovu, kinakuzwa kibovu.

Hesabu nami zile pedali tano za video, tuone ni ngapi unazo tayari.

Pedali ya wah, ile inafanya gita ilie kama mtoto? Ni kiganja. Funga viganja viwili nyuma ya harmonika, fungua, funga. Umemaliza, bei sufuri.

Pedali ya kutetemesha sauti? Ni koo na kifua. Inachukua miezi, lakini ikikuingia haiishi betri.

Pedali ya okta, ile inaongeza noti ya chini? Ni ulimi. Weka ulimi juu ya tundu la 2 na la 3, puliza la 1 na la 4 kwa pamoja. Hiyo ni noti moja kwa vimo viwili, okta safi. Wakongwe wote wa Chicago walikuwa wanafanya hivyo, na haikosei. Pedali za okta za bei ya chini hufuata noti moja moja, ukipiga noti mbili kwa pamoja zinachanganyikiwa, zinatoa sauti ya nyuki ndani ya debe.

Pedali ya kukwaruza? Ni mikono tena, ukiwa na maiki. Shika maiki na harmonika pamoja, ziba kila mwanya mpaka hewa haina pa kutorokea. Maiki inapokea nguvu nyingi zaidi, trebo inapungua, sauti inakuwa nene na inaanza kukwaruza yenyewe. Fungua kidogo, inakuwa safi. Funga, inakuwa chafu. Una pedali yenye hatua mia moja, na unaikanyaga kwa vidole.

Inabaki ya tano, ya mwangwi. Hiyo nitairudia, kwa sababu hapo kuna vita.

Na kabla ya yote hayo, je, unajua kupinda noti? Chukua harmonika ya C. Vuta tundu la 3. Hapo peke yake kuna pindo tatu chini ya noti ya kawaida, na blues yote inaishi hapo. Unajua kwamba wimbo ukiwa G unashika harmonika ya C, unavuta zaidi kuliko kupuliza? Kama hujui, hakuna duka Luthuli litakuuzia hiyo. Nilipata aibu nikagundua kwamba kwa channel yangu nina video tisa za vifaa na moja tu ya kupinda noti. Na hiyo moja ndiyo ina watazamaji wachache zaidi. Tunashirikiana kwa huu upuzi, mimi na nyinyi.

Kwa nini ilipiga nduru

Kijana wa Runyenjes, hili ni jibu lako kamili. Nilikudai.

Pedali ya kukwaruza imetengenezwa kwa gita. Gita la umeme linasikiliza nyuzi zake kwa sumaku, na kelele za chumba hazilisumbui sana. Maiki ni sikio lililo wazi. Inasikia harmonika, inasikia ngoma, inasikia hata spika yenyewe. Sauti inatoka kwa spika, inaingia kwa maiki, inakuzwa, inatoka tena kubwa zaidi, inaingia tena. Huo mzunguko ndio nduru. Sasa wewe ukaweka katikati kifaa ambacho kazi yake ni kuongeza nguvu mara nyingi. Ulikuwa umemwaga petroli kwa jiko.

Pili, maiki ya kanisa na mlango wa pedali havikuoana. Maiki za kawaida za kuimbia, kama Shure SM58 na ndugu zake wote, ni za ukinzani mdogo. Pedali na amplifaya za gita zinatarajia ukinzani mkubwa. Ukitaka kuunganisha hizo mbili unahitaji kitransfoma kidogo cha kuoanisha, kinakaa kama plagi ndefu. Bila hicho sauti inaingia dhaifu, wewe unafungua volyumu zaidi, na nduru inakuja mapema zaidi.

Kinyume chake pia ni kweli. Zile maiki za zamani za kristali zina ukinzani mkubwa sana. Ukizichomeka moja kwa moja kwa mixer ya kanisa, besi inatoweka, unabaki na sauti ya mbu. Na kristali yenyewe haipendi joto wala unyevu. Iache kwa dashibodi ya mat mchana mmoja wa Isiolo, umepoteza pesa yako. Hakuna aliyenitajia hilo kwa zile video za Marekani.

Tatu, ulikuwa umesimama wapi? Najua, mbele ya spika, ndiyo ujisikie. Sote tumefanya. Simama nyuma ya spika ama kando. Punguza trebo. Punguza nguvu ya maiki kwanza, halafu ndiyo uongeze sauti ya jumla polepole. Jaribu hivyo Jumapili hii, bila pedali. Ukiona tofauti, niandikie. Usiponiandikia pia ni sawa, una sababu.

Semista yangu ilitoka moshi

Msifikirie nahubiri kutoka juu ya mlima.

Nikiwa mwaka wa pili chuo, kuna msee alikuwa ameletewa amplifaya ndogo ya valvu kutoka Marekani. Wati tano tu, spika moja. Mimi nilikuwa nimeona kwa mtandao kwamba hiyo ndiyo siri: amplifaya ndogo ya valvu ukiifungua yote inakwaruza vizuri kwa sauti ndogo. Na kusema ukweli, hilo si uongo. Nilikuwa na pesa ya karo kwa akaunti. Mnajua kilichofuata.

Nilikata plagi yake ya Marekani, nikaweka yetu ya miguu mitatu, nikachomeka. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni 240. Fyuzi ikapasuka papo hapo, na fyuzi ilikuwa inaniokoa, lakini mimi nikaona fyuzi ndiyo mbovu. Nikaweka kipande cha waya mahali pake. Nikachomeka tena.

Karo ya semista moja ilitoka moshi kwa muda usiofika dakika.

Sikuacha chuo kwa sababu ya amplifaya peke yake, lakini sitajidanganya kwamba haikusaidia. Mamangu bado hajui ilienda wapi, na akisoma hii basi sasa anajua. Pole, mama.

Somo ni fupi. Ukiletewa kifaa cha Marekani, soma nyuma kimeandikwa volti ngapi. Kikiwa cha 120, unahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati za kutosha, si ile ya kuchaji simu. Usiwahi kuweka waya mahali pa fyuzi. Na usifungue amplifaya ya valvu kwa bisibisi ya nyumbani: ndani kuna volti mia kadhaa, na zinaweza kubaki kwa kapasita hata baada ya kuichomoa ukutani. Hiyo haikuharibii semista. Inakuua.

Vita vya mwangwi

Haya, tufike hapa. Hii itanigombanisha na watu ninaowajua kwa majina.

Mafundi wa sauti wa hii miji yetu, kwa heshima zote: mwangwi umetumaliza. Ruracio, harambee, krusedi, kilabu cha Makutano, mazishi hata, kila maiki imezamishwa ndani ya mwangwi mpaka MC akisema "karibuni" inasikika "karibuni-buni-buni" hadi kaunti jirani. Mwimbaji akikosea noti, anaongezewa mwangwi. Kwaya haijafanya mazoezi, mwangwi. Imekuwa kama royco, chakula kikikosa ladha unaongeza.

Harmonika ndani ya hiyo supu inakufa. Blues ni maneno: unauliza, unanyamaza, unajibu. Ule unyamavu katikati ndio unamfanya mtu asimamishe glasi yake hewani. Mwangwi ukijaza ule unyamavu, hakuna swali tena, hakuna jibu, kuna ukungu tu. Na jengo letu la kawaida, ukuta wa mawe na paa la mabati, lina mwangwi wake tayari. Unaongeza maji kwa mto.

Kuna mtu atanijia kwa komenti na historia, kwa hivyo nitamtangulia. Ndiyo, harmonika na mwangwi ni marafiki wa zamani. Mwaka wa 1947, hapo hapo Chicago, kundi la harmonika linaloitwa Jerry Murad's Harmonicats lilirekodi "Peg o' My Heart", na ikafika namba moja Marekani. Fundi wao, Bill Putnam, aliweka mwangwi kwa makusudi, na watu wengi huutaja kama mmoja wa mifano ya kwanza ya mwangwi kutumika kama urembo kwa rekodi ya muziki wa kawaida. Na rekodi za Little Walter nazo zina mwangwi, sikatai.

Lakini unajua Putnam alitoa wapi mwangwi wake? Bafuni. Alipeleka sauti kwa spika iliyokuwa bafuni, akaweka maiki humo, akarekodi kinachorudi kutoka kwa ukuta. Kwa hivyo ukitaka kufuata historia, nenda bafu ya hosteli saa nane usiku, puliza harmonika yako, rekodi kwa simu. Umefuata nyayo za Universal Recording, Chicago, na hujalipa mtu. Majirani pekee ndio watakudai.

Ikifika siku umenunua pedali ya dilei, ile inayorudia noti baada ya muda kidogo, basi mimi naiweka karibu milisekunde 200, marudio moja ama mawili, na sauti ya marudio iwe chini sana ya sauti yako. Kipimo changu ni hiki: uizime na watu wajue kuna kitu kimeondoka, lakini ikiwa imewashwa wasijue ni nini. Wakiisikia waziwazi, umezidisha.

Najua mtasema

"Lakini magwiji wanatumia Fender Bassman." Ndiyo. Ile ya 1959, spika nne za inchi kumi, ni amplifaya tamu, na kuna watu wazima wanaoiheshimu kama gari. Iliundwa kwa gita la besi, wapiga harmonika wakaichukua. Lakini wanaoitumia wako na bendi kamili, wana ngoma za kushindana nazo, na walikuwa wanapiga miaka kumi kabla ya kuimiliki. Wewe unapiga kwa chumba cha kupanga Majengo na mwenye nyumba analala ukuta wa pili. Bassman ya nini?

"Wewe una wivu kwa sababu huna." Kweli, sina. Ningependa kuwa nayo. Kutamani kitu na kumwambia mtoto wa shule auze simu ili akipate ni mambo mawili.

"Blues si yetu, achana nayo, piga benga." Napenda benga sana. Lakini blues ilitengenezwa na watu waliotoka mashambani Mississippi wakaenda mjini kutafuta kazi, wakakuta mji hauna haja nao, wakachukua kichombo cha Mjerumani wakakifanya kiseme yao. Kama hiyo hadithi haikuhusu na unaishi Meru mwaka huu na cheti kimefungwa kwa sanduku, basi hongera, maisha yamekunyookea.

"Content ni kazi, lazima ule." Hii ndiyo inaniuma, kwa sababu ni mimi niliisema sana. Ni kazi, ndiyo. Dalali pia ana kazi. Lakini dalali wa shamba ukimuuliza kama amewahi kulima hapo, hajifanyi mkulima. Mimi nilijifanya. Nilishika kifaa cha mtu, nikasema "mimi hutumia hii kila siku". Hiyo si content, huo ni ushahidi wa uongo.

Ukipata pesa, nunua hivi

Kwanza, harmonika moja nzuri, ya C ama ya A, ya kampuni inayoeleweka. Hohner wanaziunda tangu 1857, na ile Marine Band yao iko sokoni tangu 1896, lakini si lazima iwe hiyo. Iwe tu haivujishi hewa. Za plastiki za bei ya pipi zitakufanya ufikirie wewe ndiye mbovu kumbe ni zenyewe. Mimi nilipoteza mwaka mzima hapo.

Pili, kaa nayo miezi sita bila waya wowote. Sonny Boy Williamson wa pili, yule mzee mwenye kofia, alitikisa dunia sana sana kwa kupuliza tu mbele ya maiki ya kawaida ya kuimbia. Mikono yake ndiyo ilikuwa vifaa vyake.

Tatu, maiki ya kawaida ya kuimbia, yenye kitufe cha kuzima ikiwezekana. Hiyo utaitumia kanisani, kwa hoteli, kwa video, kwa mazishi ya shosho. Haitakosa kazi.

Nne, ukishazoea kuziba viganja na umeanza kuitwa shoo, tafuta amplifaya ndogo ya gita ya mitumba, na kile kitransfoma cha kuoanisha. Jaribu kabla ya kulipa. Nenda na harmonika yako dukani. Muuzaji akikataa ujaribu, ondoka.

Tano, na mwisho kabisa, pedali moja. Dilei. Moja. Ukifika hapo hutahitaji ushauri wangu.

Sasa kuhusu mimi. Ile video nimeitoa. Linki zote nimetoa. Nilimpigia yule kijana kwa simu ya dadake na tukakubaliana: pedali naichukua mimi kwa bei aliyoinunulia. Nimemtumia nusu, nusu iliyobaki nitamtumia mwisho wa mwezi, na kama nisipotuma ana ruhusa yangu kuja hapa kwa komenti kuniaibisha. Pedali yenyewe nitampa yule mpiga gita wa hoteli anitafutie mteja wa gita. Mahali pake ni hapo.

Kijana aliuliza kama atapata simu ileile aliyouza. Nilimwambia sijui. Kisha akaniambia nisubiri, akaweka ile simu ya dadake juu ya meza, akavuta tundu la 3 na kulipinda mpaka chini kabisa, taratibu, bila maiki, bila kitu. Kulikuwa na kuku nyuma na mvua kwa mabati.

Nina video mia mbili na sijawahi kuweka sauti nzuri kama hiyo.

Changamoto ni hii: siku thelathini, harmonika na mikono tu, rekodi kwa simu, hakuna kurekebisha. Weka hapa chini. Mimi naanza leo usiku, na nikitoa sauti mbaya mtaisikia ilivyo.